Milioni 20 za Rush Limbaugh si wasikilizaji wa kila siku

Nimekutana tena na makala inayodai kwamba Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa kihafidhina wa Marekani aliyefariki Februari 2021, alikuwa akisikilizwa na Wamarekani milioni 20 kila siku. Kazi yangu ni vipimo vya usikilizaji wa redio, na kosa hili limerudiwa mno kiasi kwamba sina budi kulijibu.

Idadi hiyo ilikuwa ya wiki, si ya siku, tena haikutokana na kipimo kimoja cha taifa zima: kampuni ya upimaji Arbitron, na Nielsen iliyoinunua mwaka 2013, zilipima vituo, soko kwa soko, yaani eneo la jiji moja baada ya jingine, ilhali kipindi chake kilirushwa na vituo zaidi ya 600. Jarida la Talkers, ambalo orodha zake za watangazaji wa redio ya mazungumzo hunukuliwa kila mahali, hutoa makadirio tu.

Kinachopotosha zaidi ni maana ya jumla ya wiki, yaani idadi ya watu tofauti waliosikiliza ndani ya wiki. Kwa miaka mingi mtu alihesabiwa akisikiliza angalau dakika tano ndani ya robo saa moja. Nielsen ilishusha kiwango hicho hadi dakika tatu mwaka 2025, kwa masoko ambako usikilizaji hupimwa kwa kifaa cha kubeba badala ya daftari. Kipindi cha saa tatu, siku tano kwa wiki, kina robo saa 60. Watu 60 wakisikiliza robo saa moja moja, kila mmoja ya kwake, jumla ya wiki ni 60. Mtu mmoja akisikiliza robo saa zote, jumla ni 1. Wastani wa robo saa, yaani watu wanaosikiliza kwa wakati mmoja, ni ule ule katika hali zote mbili: mtu mmoja. Basi anayelinganisha Limbaugh au Sean Hannity, mtangazaji mwenzake wa kihafidhina, na kituo cha muziki kwa jumla ya wiki pekee hupuuza nguvu halisi ya redio ya mazungumzo, ambayo ni msikilizaji anayekaa muda mrefu.

Hata wastani huo nauamini kwa tahadhari. Katika masoko ya daftari, mshiriki huandika mwenyewe alichosikiliza, na jina kubwa hukumbukwa kwa urahisi kuliko jina la mtangazaji wa asubuhi wa mtaani kwake. Kuanzia mwaka 2007, kwanza Philadelphia na Houston, katika masoko makubwa daftari lilibadilishwa na kifaa kidogo cha kubeba kinachonasa msimbo uliofichwa ndani ya sauti ya kituo. Msimbo huo hujificha vizuri chini ya muziki mzito. Sauti ya mtu mmoja anayezungumza, mwenye kunyamaza kati ya sentensi, huupa mahali pachache pa kujificha. Wahandisi walipoanza kutumia mtambo wa Voltair kuukuza msimbo, mjadala ukawa mkali, na mwaka 2015 Nielsen ikaimarisha usimbaji wake. Ni wasikilizaji wangapi wa mazungumzo waliokuwa sebuleni, redio ikiwaka, na kifaa kisisikie chochote? Takwimu za miaka ile haziwezi kupimwa upya, nami nilizitumia katika ripoti zangu bila kuweka onyo hata moja.