Ukikubali leseni yako ihakikiwe, anayeihakiki anaona nini?

Miaka michache iliyopita nilikodi gari Dar es Salaam kwa safari ya msibani Lushoto. Mwenye magari aliniomba nimtumie picha ya leseni ya udereva kwa WhatsApp, mbele na nyuma. "Tuihakiki tu, mkubwa." Nikatuma. Mwaka uliofuata nilirudi kwake kukodi tena, na safari hii hawakuniomba leseni. Kijana wa kaunta alifungua simu yake akaanza kupekua picha. Zilipita leseni za watu nisiowajua, nyuso zao na tarehe zao za kuzaliwa, moja baada ya nyingine, hadi akaifikia yangu. "Hii hapa, kaka."

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kuhakiki leseni huenda hivi: wewe unasema "nakubali", anayehakiki anafungua jalada lako kwenye mamlaka iliyokupa leseni, anasoma kila kilichomo, kisha anabaki na nakala. Ridhaa nilidhani ni ufunguo wa ghala. Nilikosea mara mbili. Kwanza, yule kijana hakuwa amehakiki chochote. Alikuwa ameweka picha tu, na picha haiwezi kumwambia mtu kama leseni ni halali au imetengenezwa uchochoroni. Pili, pale ambapo uhakiki unafanyika kweli, ghala mara nyingi halifunguliwi kabisa.

Tazama Marekani. Kule leseni hutolewa na majimbo, na mamlaka za majimbo hayo zina chama chao, AAMVA, kinachoendesha huduma ya kulinganisha taarifa za leseni. Kampuni inayotaka kumhakiki mteja huandika yale ambayo mteja mwenyewe ameitajia: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, tarehe ya kuisha. Jibu hurudi kipengele kwa kipengele: hiki kinalingana, hiki hakilingani. Kampuni ikikosea mwaka wa kuzaliwa, huambiwa kwamba haulingani, lakini haiambiwi mwaka sahihi ni upi. Australia nayo ina huduma ya serikali ya kuhakiki nyaraka, na humo pia anayeuliza hupata jibu la ndiyo au hapana, baada ya mwenye leseni kuridhia.

Tofauti yake tunaweza kuiona kwenye simu zetu wenyewe. Ukitaka kumtumia mtu pesa kwa simu, unaandika namba yake na mfumo unakuletea jina. Hukulijua jina lile, sasa unalijua. Huo ni mfumo unaotoa taarifa. Mfumo wa ndiyo na hapana ungekutaka uandike namba pamoja na jina, kisha ukujibu kama viwili hivyo ni vya mtu mmoja. Usiyemjua angebaki usiyemjua. Hapa simaanishi kwamba kuonyesha jina ni kosa. Jina lile limeokoa pesa za watu wengi waliokosea tarakimu moja. Ninachosema ni kwamba hizi ni kazi mbili tofauti, na neno "kuhakiki" linazifunika zote mbili kana kwamba ni moja.

Tahadhari hii ya Wamarekani ina historia yenye damu. Julai 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na mtu aliyekuwa akimfuatilia. Anwani yake ilikuwa imepatikana kupitia mpelelezi wa kukodiwa, kutoka kumbukumbu za idara ya magari ya California. Mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kulinda faragha ya madereva, iliyotaja matumizi yanayoruhusiwa na kufunga mengine. Mwanzoni, kwa mambo kama matangazo ya biashara, dereva ndiye aliyepaswa kusema hataki. Marekebisho ya mwaka 1999 yaligeuza mzigo: bila ridhaa ya wazi ya dereva, taarifa zake hazitoki kwa kazi hiyo.

Uingereza ina njia nyingine, na pale taarifa hutolewa kweli. Mwenye kukodisha magari anataka kujua una madaraja gani na una adhabu gani za barabarani, na ndiyo au hapana haimtoshi. Hadi tarehe 8 Juni 2015 mambo hayo yalikuwa kwenye karatasi iliyoambatana na leseni. Karatasi ilipofutwa, dereva akawa anaingia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali na kujitolea msimbo unaodumu siku 21. Anampa anayemtaka, naye kwa msimbo huo pamoja na herufi na tarakimu 8 za mwisho za namba ya leseni anaona rekodi. Napenda kwamba dereva ndiye anayeuanzisha mchakato. Ridhaa yake haiishii kwenye kisanduku cha kutia alama: kwa njia hii, asipotengeneza msimbo, hakuna kinachoonekana.

Lakini mfumo wa ndiyo na hapana una upande ambao hauwezi kuulinda. Ili kampuni iulize kama namba yako ni sahihi, lazima kwanza uwe umeipa namba hiyo. Mamlaka haikuvujisha kitu, ila wewe tayari umetoa. Machi 2023 kampuni ya mikopo ya Australia, Latitude Financial, ilidukuliwa, na zikaibwa namba za leseni zipatazo milioni 7.9 za watu wa Australia na New Zealand. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, zilizotolewa na wateja katika miaka 10 ya karibuni zilikuwa kama milioni 3.2. Maana yake zaidi ya nusu zilikuwa zimekaa pale kwa zaidi ya muongo. Huko ndiko hatari ilikolala: kwenye ghala la anayeuliza.

Je, inawezekana kuthibitisha jambo moja lililo kwenye leseni bila kuyatoa mengine yote? Inawezekana, na namna yake ni kati ya mambo mazuri niliyowahi kujifunza kuhusu kompyuta.

Fikiria mtu anayenunua bia katika jimbo la Louisiana, ambako umri unaotakiwa ni miaka 21. Akitoa leseni ya plastiki, muuzaji anaona jina, anwani ya nyumbani, tarehe kamili ya kuzaliwa na namba ya leseni, wakati alichohitaji ni kujua kama mteja amefikisha umri. Mtu anaweza kusema basi tukate kipande chenye umri tu. Lakini chukua cheti chako cha shule chenye muhuri, ukikate kwa mkasi vipande kumi. Muhuri utabaki kwenye kipande kimoja. Vile tisa vingine ni karatasi ambazo yeyote angeweza kuziandika. Kwa leseni ya kidijitali tatizo ni hilo hilo: saini ya mamlaka hufunga taarifa zote pamoja, na ukiondoa moja saini inavunjika.

Sasa leta kinu. Si kinu cha kawaida, maana kina sifa tatu. Punje zile zile zikitwangwa humo hutoa unga ule ule, leo na kesho, kwa kila mwenye kinu cha aina hiyo. Ukibadilisha punje moja, unga wote unabadilika usifanane hata kidogo na wa kwanza. Na kwa kuutazama unga huwezi kuzirudisha punje. Wataalamu wa kriptografia, yaani elimu ya kulinda taarifa kwa hesabu, hukiita hashi, na katika aina moja inayotumika sana unga huo ni mfululizo wa tarakimu na herufi 64, hata kama kilichotwangwa ni neno moja au kitabu kizima.

Mamlaka huchukua kila taarifa ya leseni yako kwa zamu: jina linatwangwa peke yake, tarehe ya kuzaliwa peke yake, picha peke yake, na sentensi ya "ana miaka 21 au zaidi" peke yake. Unga wote hupangwa kwenye orodha moja, na muhuri hupigwa juu ya orodha ya unga. Punje hazipigwi muhuri. Kisha unakabidhiwa vyote, punje na orodha, vikae kwenye simu yako.

Dukani unatoa orodha yenye muhuri na punje moja tu, ile ya miaka 21. Muuzaji anacho kinu chake. Anaitwanga ile punje, anaulinganisha unga wake na ule wa kwenye orodha. Ukilingana, anajua kwamba sentensi hii ndiyo ile ile iliyotwangwa na mamlaka. Mengine anayaona kama unga ambao hawezi kuusoma. Muhuri haujavunjika, kwa sababu orodha haikukatwa.

Pana tundu hapa, na limezibwa kwa kitu ambacho wataalamu wenyewe wanakiita chumvi. Tarehe za kuzaliwa za watu walio hai si nyingi: miaka 100 ni kama siku 36,500. Mjanja anaweza kuzitwanga zote, jambo ambalo kompyuta hulimaliza haraka mno, kisha atafute ni unga upi unaofanana na wa kwako. Na sentensi ya ndiyo au hapana ni rahisi zaidi, kwani ina majibu mawili tu. Kwa hiyo kabla ya kutwanga, mamlaka huchanganya kila taarifa na namba ya kubahatisha, tofauti kwa kila kipengele. Kiwango cha kimataifa cha leseni za kwenye simu, ISO/IEC 18013-5 cha mwaka 2021, kinataka chumvi hiyo isipungue baiti 16. Idadi ya namba zinazowezekana hapo huandikwa kwa tarakimu 39. Unapotoa punje, unaitoa pamoja na chumvi yake. Punje ambazo hukuzitoa zinabaki na chumvi zake kwako, na anayezikisia hana pa kuanzia.

Mfano wa kinu una mpaka wake. Unga wa kweli unaweza kuibwa ukapikwa kwa jirani, na muuzaji mwovu angeweza kunakili orodha na punje yako akajifanya ni wewe. Ndiyo maana simu pia ina ufunguo wake wa siri usiotoka ndani yake, na alama ya kuutambua ufunguo huo imo kwenye orodha iliyopigwa muhuri. Kila mazungumzo na kifaa cha kusomea huthibitishwa upya kwa ufunguo ule, na nakala iliyochukuliwa pembeni haiwezi kufanya hivyo.

Katika kiwango hicho kuna kitu kimoja kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Kifaa cha muuzaji kinapoomba taarifa, lazima kiseme kwa kila kipengele kama kinakusudia kukihifadhi au la. Jina: nitahifadhi. Umri: sitahifadhi. Taarifa hiyo inaweza kuonyeshwa kwa mwenye simu kabla hajaridhia. Kuonyesha na kuachia vimetenganishwa ndani ya lugha ya mashine, jambo ambalo fomu zetu nyingi za karatasi hazijawahi kulifanya. Lakini ni ahadi. Hakuna hesabu inayoweza kukichoma alichokwisha kukiona muuzaji, na akidanganya, wa kumbana ni sheria.

Kuna mengine ya kusemwa kwa uangalifu. "Nithibitishie umri tu" mara nyingi huenda pamoja na picha ya uso, kwa sababu muuzaji anahitaji kujua kwamba simu si ya kaka yako. Maduka mawili yakikusanya orodha ile ile yenye muhuri ule ule yanaweza kugundua kwamba mteja ni mmoja hata kama hawamjui jina. Dawa yake ni mamlaka kuiwekea simu orodha nyingi za kutumika mara moja, na hilo hutegemea mtoaji. Tena kiwango kinaruhusu njia nyingine, ambapo kifaa cha kusomea hufuata taarifa kwenye seva ya mamlaka. Ukipita njia hiyo, mamlaka inaweza kujua leseni yako imeulizwa lini na nani. Njia ya simu kwa kifaa haihitaji hata intaneti wakati wa kuonyesha. Louisiana ilianza kuweka leseni kwenye simu mwaka 2018 na majimbo mengine yamefuata, ila madereva wengi bado wanashauriwa kutembea na plastiki.

Huku kwetu Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinataka taarifa zikusanywe kwa sababu mahususi na zisitumike nje ya sababu hiyo. Kwa hiyo swali la "unaihakiki vipi, na utabaki na nini?" si ukorofi wa mteja.

Nililiuliza mara ya mwisho nilipokodi gari pale pale. Mwenye magari aliishika leseni yangu mkononi, akanitazama, akaandika namba na tarehe ya kuisha kwenye daftari, akanirudishia. Nikamwomba aifute ile picha ya zamani. Alikubali bila ubishi, akampa kijana simu, nasi tukasimama tukimsubiri aipate, na safari hii niliinamisha macho zilipokuwa zinapita za wengine.