Je, wajua kwa nini nota za bure za piano ni tele, ila za anayeanza ni haba?

Ukitafuta mtandaoni nota za bure za Beethoven, sonata zake zote 32 za piano, yaani tungo ndefu zenye sehemu kadhaa, zitakujia kabla hujavuta kiti. Sasa tafuta ukurasa mmoja tu wa mtu anayeanza: nota kubwa, mkono wa kulia peke yake, vidole vitano visivyohama. Mara jisajili kwanza, mara ulipie, mara ukurasa wa kwanza ni bure na wa pili unauzwa. Kazi ngumu inagawiwa, ya mtoto inauzwa!

Chanzo ni hakimiliki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake. Nchi nyingine nyingi huishia miaka 50. Beethoven alifariki 1827, kwa hiyo utunzi wake ni mali ya umma. Vitabu vya hatua ya kwanza kwa mtindo tunaoujua leo, vyenye picha na maandishi makubwa, kwa kiasi kikubwa ni zao la karne ya 20. Waliovitunga wengi ama wako hai, ama hawajafa zamani vya kutosha.

Tofauti hiyo ya miaka kati ya nchi na nchi iliwahi kuzua kasheshe. Mwaka 2006 mwanafunzi wa muziki, Edward Guo, alianzisha maktaba ya mtandaoni iitwayo IMSLP, akifuata sheria ya Kanada ya wakati huo, yaani miaka 50. Oktoba 2007 kampuni ya uchapishaji ya Universal Edition, ya Vienna, ilimtaka aondoe kazi ambazo Ulaya bado zililindwa. Akaifunga maktaba nzima. Ilirudi hewani Juni 2008, na leo ina mamia ya maelfu ya faili za nota. Soma maelezo ya hakimiliki kando ya faili kabla ya kupakua, maana kilicho huru nchi moja huenda bado kinalindwa kwingine.

Shida ya IMSLP kwa anayeanza ni kwamba ni ghala lililopangwa kwa majina ya watunzi, si kwa ugumu. Ukiingia bila jina utatoka na vumbi. Basi ingia na jina. Robert Schumann alitunga mkusanyo wa vipande 43 kwa ajili ya vijana mwaka 1848 (Op. 68, yaani kazi yake namba 68), wazo likianzia kwenye zawadi ya kuzaliwa ya binti yake, vile vya mwanzo ni vyepesi kweli. Béla Bartók naye, mwaka 1908 na 1909, alipanga nyimbo za jadi za Hungaria na Slovakia kwa mikono midogo, bila kuilazimisha kufika oktava nzima, yaani umbali wa nota nane. Hapo angalia toleo, kwa sababu miaka ya 1940 alizirekebisha nyimbo hizo mwenyewe, na katika baadhi ya nchi marekebisho hayo yanaweza kuwa bado na ulinzi hata pale toleo la kwanza lilipo huru.

Wa wiki za kwanza kabisa, kwa maoni yangu, asihangaike na ghala hilo. Kurasa ambazo walimu wa piano hutunga wenyewe na kuzigawa zitamfaa zaidi, au nyimbo za jadi zilizorahisishwa. Kumbuka tu kwamba wimbo wa jadi hauna mwenyewe, lakini aliyeupanga upya kwa piano anayo haki juu ya mpangilio wake. Ndiyo maana “Für Elise” asilia ya Beethoven ni bure, na ile nyepesi ya kurasa mbili inauzwa.

Akishazoea kusoma mistari mitano ya nota kwa mikono yote miwili, ajaribu tovuti ya Mutopia. Hapo watu wa kujitolea huandika upya kwa kompyuta kazi zilizo huru, zaidi ya 2,000 sasa, na kuruhusu yeyote azichapishe na kuzigawa. Maandishi ni safi, na faili hutolewa kwa karatasi ya A4 na kwa ile ya Marekani, ambayo ni pana kidogo na fupi zaidi. Skani za zamani hazina adabu hiyo: usipoiambia printa itoshelezee ukurasa, mstari wa chini unaweza kukatwa.

Kuna mtego mmoja zaidi kwenye skani hizo. Siku hizi namba 1 juu ya nota ni kidole gumba, na 5 ni kidole cha mwisho. Matoleo mengi ya zamani ya Uingereza yaliandika gumba kwa alama ya +, kisha 1 ikawa kidole cha shahada. Ukiona msalaba mdogo juu ya nota, sogeza hesabu yote kwa kidole kimoja, au futa namba zote kwa penseli na umwombe mwalimu aandike zake.