Huo ukuta kwenye picha yako ulijengwa na nani?

Jana nimetumiwa tena ile picha. Kila likizo zikianza ndugu zetu wa London na Dublin wanapanda feri pale bandari ya Ros a' Mhíl, wanashuka Inis Mór, kisiwa kikubwa cha Aran magharibi mwa Ireland, selfi mbili tatu, halafu kepsheni: "asili tupu, mkono wa mwanadamu haujafika". Na kwenye picha hiyohiyo, mbele kabisa, kuna ukuta wa mawe! Sasa huo nao umeota?

Kazi yangu ni kutembeza wageni huku magharibi mwa Ireland, Burren kwenye vilima vya mwamba mtupu, visiwa vya Aran, Connemara mpaka Mayo, na hili la "asili tupu" nishalijibu mpaka limenikinai, kwa hiyo leo naliandika, mtu akinirudia nalo namtumia linki yamekwisha.

Tuanze na Aran. Visiwa vyote vitatu ni mwamba wa chokaa, uleule wa Burren umepita chini ya bahari ukaibukia kule. Barafu ya zamani ilikwangua udongo ikaacha jiwe limelala wazi kama sakafu iliyopasukapasuka. Watu wakaja kuishi hapohapo, na walitaka kula. Basi wakaziba nyufa kwa vijiwe, wakabeba mchanga na mwani kutoka ufukweni, mgongoni au kwa punda, wakatandaza tabaka juu ya tabaka na kaudongo kidogo walikokakwangua kwenye nyufa, mwaka hadi mwaka, mpaka likapatikana shamba la kupanda viazi. Yaani sehemu kubwa ya hizo nyasi za kijani unazozisifia zimeota juu ya udongo uliotengenezwa na watu, na waliotengeneza wengi hawakuishi kuufaidi sana.

Sasa kuta. Wengi wanadhani ukuta ni mpaka tu, huyu wake huyu wake. Kwanza hayo mawe ukiyatoa shambani lazima yaende mahali, utayaweka wapi? Pili yanakinga upepo usipeperushe huo udongo mwembamba uliouhangaikia. Hakuna saruji, hakuna tope, jiwe juu ya jiwe. Sogea karibu uchungulie, utaona anga upande wa pili kupitia matundu, na sio kwamba fundi alikuwa mvivu, upepo wa Atlantiki ukipata pa kupita hausukumi ukuta ukaanguka. Halafu tafuta geti. Hulioni. Tafuta sehemu ambayo mawe yamerundikwa tu ovyoovyo, ya mviringo mviringo, hapo ndipo mlango. Mkulima anayaangusha, ng'ombe wanapita, anayarudishia, dakika chache kazi imeisha, maana mbao za geti angetoa wapi kisiwa hakina miti? Desemba 2024 UNESCO waliiongeza Ireland kwenye nchi zinazotambuliwa kwa ufundi huu wa kujenga kwa mawe makavu, na orodha hiyo ni ya urithi na ujuzi wa watu, sio ya maumbile. Someni basi.

Burren hivyohivyo. Wafugaji wa kule wanapandisha ng'ombe mlimani majira ya baridi, wakati kwingine Ulaya ndio wanawashusha, kwa sababu mwamba unatunza joto. Ng'ombe wanamaliza nyasi zilizozeeka, majira ya kuchipua yakifika maua madogo ya bluu ya huko yanapata mwanga. Ondoa ng'ombe, vichaka vya heizeli vinameza kila kitu. Na ule "msitu wa kale" mliopita na basi? Sitka spruce, mti wa Amerika Kaskazini, umepandwa kwa mistari kwa ajili ya mbao. Mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ilikuwa imebaki kama asilimia 1 tu ya nchi. Tuendelee.

Kuna mahali hata sisi wa kazi hii tunabishana. Céide Fields kule Mayo, mwalimu mmoja wa shule, Patrick Caulfield, miaka ya 1930 aliona kuta zikitokeza chini kabisa ya mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza, watu walipokuwa wakiichimba kwa ajili ya kuchoma, mwanae Seamas akaja kuzifuatilia kwa kudunga vyuma ardhini mpaka vigonge jiwe, kumbe ni mashamba makubwa yamefukiwa. Ukifika utaambiwa yana miaka zaidi ya 5,000, bila kusita, ila kuna wanaakiolojia wanaosema ushahidi wa tarehe hizo ni mwepesi na huenda kuta ni za baadaye sana. Na mboji ilikuja kwa sababu mvua ilizidi au kwa sababu watu walifyeka miti? Mimi naegemea vyote viwili, lakini usinishikie bango.

Linaloniudhi zaidi ni hili: "hakuna watu, pametulia raha". Jamani. Nenda Achill au Connemara jioni jua likiwa chini, angalia mlimani, utaona mistari imepanda juu mpaka karibu na kilele. Ni matuta ya viazi. Kulikuwa na watu wengi kiasi cha kulima hadi huko. Mwaka 1841 kisiwa kizima cha Ireland kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, leo ukijumlisha Jamhuri na Kaskazini ni kama milioni 7. Njaa ya 1845 mpaka 1852 iliua kama milioni moja, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli, na magharibi ndiko ilikouma zaidi, ndiko Kiairishi kilikokuwa kinaongewa zaidi. Kisiwa kikubwa cha Blasket, kule Kerry, chenyewe kilihamwa 1953. Huo utulivu una sababu, sio mandhari.

Na hicho Kiairishi nacho, ati "Kiingereza cha kijijini". Hapana, ni Kiselti, huelewi hata salamu. Ati imekufa. Sensa ya 2022 watu kama milioni 1.87 walisema wanaiweza, ila wanaoiongea kila siku nje ya shule ni 71,968. Mimi namba ya kwanza siiamini sana, mtu akiulizwa kwenye fomu lazima ajisifu. Ya pili ndiyo ya kuangalia, na kama elfu ishirini wa hao wapo Gaeltacht, yaani maeneo ambako Kiairishi bado ni lugha ya jamii, mengi yakiwa kwenye mawe hayohayo unayosema hayajaguswa.

Kijana wa Gaeltacht leo akitaka kujenga karibu na wazazi wake anaweza kunyimwa kibali kwa hoja ya kulinda mandhari, huku nyumba zilizopo zinanunuliwa na watu wa mjini wanaokuja wiki chache za kiangazi, au zinapangishwa kwa watalii. Akihamia Galway mjini, watoto wake watacheza kwa Kiingereza. Ndio maana kepsheni yako inanikera kuliko unavyodhani, maana sentensi hiyohiyo, ikivalishwa suti, ndiyo inayosomwa kwenye kikao cha vibali.

Halafu ukipanda ukuta kutafuta angle nzuri na jiwe likadondoka, lirudishe. Mwenye shamba yupo, amekuona, na anachokisema huko nyuma kwa Kiairishi sitakutafsiria.