Kivuli cha Embe Si Cheusi

Mwezi uliopita mwenye kibanda cha juisi pale Ngara, Nairobi, aliniita nirudi kwenye ukuta niliokuwa nimeumaliza siku mbili kabla. Nilikuwa nimemchorea maembe matatu, karakara iliyopasuliwa na kipande cha tikitimaji. Alirudi nyuma hatua tano, akaukazia macho ukuta, akasema: "Fundi, kazi ni safi, lakini hili embe halijatoka. Liongezee nyeusi hapa pembeni lipate kivuli."

Maneno hayo hayo nimeambiwa Kariobangi, nimeambiwa Eastleigh, nimeambiwa Kawangware. Nimeambiwa na wenye vibanda, na makondakta, na vijana wanaokuja karakana yangu kujifunza, na hata na mafundi walioshika brashi ya hewa, kile kifaa chenye sindano kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, kabla yangu. Nimechoka kuyajibu ukutani, mtu mmoja mmoja, jua likiwa utosini na rangi ikinikaukia kwenye sindano.

"Kivuli ni nyeusi"

Hapana. Kivuli cha embe ni embe. Ni ngozi ile ile na rangi ile ile, ila imepata mwanga kidogo.

Nenda soko la Marikiti asubuhi, nunua embe moja la ngowe lililoiva. Iweke mezani kando ya dirisha, juu ya karatasi nyeupe, na uzime taa. Chukua kadi nyeupe, itoboe tundu la kupita kalamu, funga jicho moja, kisha chungulia upande wa embe usiopata mwanga. Tundu hilo linakuondolea umbo la embe na kukuachia rangi peke yake. Utakachoona ni rangi ya chungwa iliyokolea, inayoelekea kahawia, kama asali iliyokaa sana kwenye chupa. Shusha kadi kidogo, karibu na meza. Hapo rangi inapata nuru tena, kwa kuwa karatasi inarudisha mwanga tumboni mwa embe. Sasa ondoa karatasi, tandika leso ya kijani. Tumbo la embe linaingia ukijani. Pitisha kadi kutoka mwangani hadi gizani mara nne au tano, utafute nyeusi. Mahali pekee utakapoikaribia ni kile kistari chembamba ambapo embe linagusa meza, na hata hapo utakuta kahawia iliyoiva sana.

Kila mwanafunzi wangu hufanya zoezi hili kabla sijamruhusu kuwasha kompresa. Wengine hulifanya wiki nzima wakilalamika kwamba walikuja kujifunza kupuliza rangi, siyo kutazama maembe. Lakini anayeshindwa kuona kile kipande cha nuru kwenye tumbo la embe hatakichora, na bila hicho embe huwa sahani bapa yenye ukingo mchafu.

Jambo la pili ni rangi yenyewe. Dondosha tone la manjano kwenye kifuniko cha chupa, kisha uliguse kwa kijiti chenye nyeusi. Linageuka kijani, na si kijani cha jani, ni kile cha mkate uliopata ukungu. Nyeusi nyingi tunazonunua zimetengenezwa kwa kaboni, na ndani yake mna ubuluu uliojificha. Ubuluu huo ukikutana na manjano, unajua kinachozaliwa. Anayetumia brashi ya nywele akikosea hivyo, kosa lake hubaki pale alipoligusa. Sisi tunapuliza. Chembe za nyeusi huvuka zile sehemu ulizokusudia, hutua kwenye upande wa mwanga kama vumbi la barabarani, na unapokuja kushtuka embe zima limepauka.

Na macho ya mnunuzi hayadanganyiki. Mtu akinunua maembe sokoni huyageuza akitafuta weusi, maana weusi kwenye embe ni kuvu au ni pigo. Ukimpulizia mwenye kibanda nyeusi pembeni mwa embe, umemchorea embe bovu. Mpita njia hatakuambia kwa nini hakutamani juisi, ataendelea tu na safari yake.

Najua dhana hii ilikotoka. Wengi wetu tumefunzwa na mafundi wa matatu. Kule herufi huzungushiwa nyeusi zisomeke gari likiwa mbioni Jogoo Road, na sura ya msanii huchomoza kwenye mandhari meusi. Kwa kazi ile nyeusi ni sahihi. Nimeifanya miaka mingi na naiheshimu. Tunda la ukutani, kwa upande wake, linatazamwa na mtu aliyesimama hatua mbili akisubiri glasi yake ijazwe.

Wapo wanaonijibu kwamba jua la Nairobi ni kali, na kivuli cha nje ni cheusi kweli. Toka nje na kadi yako. Kivuli kinachoanguka chini adhuhuri kinamulikwa na mbingu nzima, ndiyo maana juu ya simenti nyeupe kina ubuluu. Tunaita nyeusi kwa sababu mwanga ulio kando yake unatuumiza macho.

Ngowe naichora hivi. Naanza na manjano nzito inayofunika ukuta. Juu yake napuliza chungwa inayopitisha mwanga, mikono mitatu au minne myepesi, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata, na kila mmoja ukikomea mbali zaidi na upande wa mwanga. Kisha kahawia nyekundu, nyepesi kama chai ya rangi. Mwisho zambarau kidogo sana, pale tu ngozi inapoanza kugeukia gizani, kabla ya ule mwanga unaorudi kutoka chini. Zambarau na manjano zinatazamana kwenye duara la rangi, kwa hiyo zambarau huipunguzia manjano nguvu bila kuiua. Kama ni embe la aina ya apple, lenye shavu jekundu, wekundu huo nautangulizia kabla ya kahawia. Nikihitaji giza la kugusia meza, nachanganya kahawia na buluu.

Chupa za nyeusi wanafunzi hunikabidhi siku ya kwanza. Zinakaa kwenye kabati langu miezi mitatu. Hata parachichi la Hass, ambalo ngozi yake hugeuka na kuwa na giza likiiva, wanalichora bila chupa ile: zambarau, kahawia, na kijani inayochungulia kwenye mabonde ya vile vipele vyake. Ukilipuliza nyeusi tupu linaonekana kama tundu kwenye ukuta.

Yule wa Ngara sikumwongezea nyeusi. Nilichogundua nilipotazama upya ni kwamba embe lake lilikuwa linaelea, kwa kuwa kivuli nilichokilaza mezani kilikuwa chepesi mno. Nikakikoleza kwa kahawia na zambarau, kikali karibu na tunda na kikilainika kadiri kinavyokwenda mbali. Akatabasamu: "Unaona sasa? Nyeusi imesaidia." Nikatoboa kadi, nikampa achungulie. Alikaa nayo muda mrefu.

"Mng'aro ni nyeupe"

Nyeupe ikipulizwa laini juu ya rangi yenye giza hugeuka buluu. Si kosa la kiwanda. Chembe zake ndogo hutawanya mwanga na kukupa ule ubuluu wa moshi wa kuni. Ndiyo sababu matunda mengi mjini yanaonekana kama yamemwagiwa unga. Acha sehemu ya mwanga tangu mwanzo, usiifunike. Ikiwa ni lazima upulize nyeupe, ifunike baadaye na manjano nyepesi, ubuluu utaondoka.

Na si kila tunda linang'aa sawasawa. Nyanya ina doa kali lenye umbo la dirisha. Kwenye chungwa, vishimo vya ganda hulivunja doa hilo kuwa vipande vipande. Zabibu zina vumbi la nta linaloficha mng'aro, na ukilisahau umechora shanga. Karakara iliyokunjamana ina vimeremeto vidogo juu ya kila mkunjo. Ile nyota nyeupe yenye miale minne ambayo naiona juu ya kila tunda kutoka Rongai hadi Githurai haipo kwenye tunda lolote.

"Mashine ndiyo inayochora"

Wazazi huniuliza bei ya mashine kabla ya kuniuliza kama mtoto wao anaweza kuchora. Abner Peeler wa Iowa, Marekani, alitengeneza kifaa cha mwanzo cha aina hii miaka ya 1870, na kazi kubwa ya vifaa hivyo kwa muda mrefu ilikuwa kurekebisha picha za kamera, kazi ya watu waliojua umbo na mwanga tayari.

Mashine inakupa kitu kimoja bure: ukingo laini. Tunda haliko laini kote. Ndizi ina pembe, kikonyo cha embe kina kovu, tikitimaji lililokatwa lina ukingo mkali kama wa kisu. Kwa hayo utahitaji karatasi iliyokatwa, wembe wa kukwaruza na mkono uliozoea penseli. Karatasi ikilazwa ukutani inatoa ukingo mkali. Ukiiinua kidogo ukingo unalainika. Jifunze umbali huo kwanza, sindano ya milimita 0.3 itakutosha kwa matunda yote unayoyajua.

"Presha kubwa, kazi haraka"

Hii huletwa na waliotoka kwenye kupuliza magari Kirinyaga Road, wamezoea bunduki kubwa za rangi. Brashi ya hewa inataka presha ya PSI 15 hadi 25, kama inavyosomeka kwenye geji ya kompresa, na rangi nyepesi kama maziwa. Ukisogea karibu na hewa nyingi na rangi nyingi, rangi inakimbia pande zote na kuota miguu ya buibui. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, rangi hukaukia kwenye ncha ya sindano kila baada ya dakika chache. Ifute kwa brashi ndogo yenye maji na uongeze dawa ya kuchelewesha kukauka. Kupandisha presha hakutakusaidia. Msimu wa mvua mwaga maji ya kompresa kila asubuhi, la sivyo yatatemea katikati ya shavu la embe.

"Rangi ya maji haina madhara, na maziwa yanasafisha kifua"

Dhana hii hainichoshi, inaniogopesha. Nimewaona vijana wakipuliza kutwa ndani ya chumba chenye mlango mmoja, kisha jioni wananunua pakiti ya maziwa wakiamini wamejitibu. Maziwa yanakwenda tumboni. Rangi uliyovuta iko mapafuni, na hakuna njia ya maziwa kufika huko.

Rangi ya maji haina harufu ya thina, hilo ni kweli, lakini ukishaipuliza inakuwa chembe ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya kifua pamoja na madini yaliyomo. Soma lebo. Rangi nyingi zenye kadimiamu, zile nyekundu na manjano kali tunazozipenda kwa matunda, zimeandikwa zisipulizwe. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo. Vaa inayobana uso, yenye vichujio vya chembe, na ukitumia thina ongeza vichujio vya mvuke.

Klia, yaani vanishi angavu ya magari inayochanganywa na kikaushio, ni hatari ya namna nyingine. Kikaushio chake kina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo huweza kumpa mtu pumu, na mwili ukishazikataa hata kiasi kidogo kinatosha kumziba pumzi. Huwezi kutegemea pua ikuonye kwamba kichujio kimeshindwa. Kazi hiyo inahitaji chumba chake na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na mimi sina. Kwa hiyo kuta zangu nazimalizia kwa vanishi ya maji, tena kwa rola, na mteja anayetaka mng'aro wa gari nampeleka kwa mwenye chumba hicho.