Uzoefu si ajira

Mwanafunzi wa sekondari anayeandika wasifu wa kazi kwa mara ya kwanza hufika kwenye sehemu ya uzoefu, akajaza "Sina", akasonga mbele. Wapo wanaoifuta sehemu nzima. Na mkubwa anayemshauri humwambia asijali, uzoefu atauanza siku atakayoajiriwa. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, lakini unamnyima kijana sehemu yenye nguvu kuliko zote katika ukurasa wake.

Uzoefu ni ushahidi kwamba uliwahi kukabidhiwa jukumu, ukalitekeleza kwa kipindi fulani, na yupo mtu anayeweza kulithibitisha. Ajira ni makubaliano ya kufanya kazi kwa malipo. Ajira huleta uzoefu, ila uzoefu hupatikana pia pasipo ajira.

Anayesoma ombi la mwanafunzi hatarajii kukuta orodha ya waajiri. Anataka kujua kama utafika kwa wakati, kama unaweza kuaminiwa na fedha, kama ukielekezwa unashika, kama unajua kuzungumza na mteja aliyekasirika. Mhazini wa klabu aliyekusanya michango na kutoa hesabu kila mwisho wa muhula ameshajibu suala la fedha. Aliyekaa kwenye duka la wazazi wake kila Jumamosi amewahudumia wateja, hata kama hakulipwa chochote. Anayewafundisha hesabu wanafunzi wa madarasa ya chini amejifunza kueleza jambo mara tatu bila kukasirika.

Dhana hii ina mipaka pia. Kuosha vyombo nyumbani kwenu hakuandikwi. Kuwatunza watoto wa jirani mara mbili kwa wiki kunaandikwa, kwa sababu mtu wa nje alikuamini na anaweza kuulizwa. Uanachama mtupu nao hautoshi. "Mwanachama wa klabu ya mazingira" humwambia msomaji kwamba jina lako lilikuwa kwenye daftari, basi. Wala mhazini asijipandishe cheo akajiita "Meneja wa Fedha": msaili atauliza ulisimamia kiasi gani na nani alikagua hesabu zako, na hapo jina kubwa litaiangusha hata kazi ya kweli uliyoifanya.

Kosa jingine ni kujaza nafasi hiyo kwa sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii. Hizo ni hukumu, na mwenye kuhukumu ni msomaji. Wewe mpe vitendo. Taja jukumu, mahali, mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza, kisha mistari miwili au mitatu inayoanza na kitenzi. "Nilisaidia maktaba" haionyeshi kitu. "Niliandikisha vitabu vilivyoazimwa na kurejeshwa, takriban 40 kwa wiki, na kufuatilia vilivyochelewa" inaonyesha kazi, kiasi na umakini. Namba iwe ya kweli. Kama hukuhesabu, taja siku ulizofanya kazi kwa wiki. Jukumu la karibuni litangulie.

Mengine ni mepesi. Ukurasa mmoja, herufi za ukubwa wa 11 au 12, sehemu ya elimu itangulie ile ya uzoefu, anwani ya barua pepe yenye jina lako na si jina la utani. Dini, majina ya wazazi na maelezo ya utoto hayahitajiki, isipokuwa tangazo limeyataka.

Wadhamini, yaani watu watakaoulizwa habari zako, wawe wawili: mwalimu, kocha, au aliyesimamia kazi uliyoitaja. Waombe ruhusa kabla ya kuandika namba zao, la sivyo simu itapigwa na mdhamini hatajua anaulizwa nini. Kama ulifanya kazi kwenye duka la familia, usimweke mzazi. Mtafute msambazaji wa bidhaa au mteja wa kudumu aliyekuona ukihudumia.

Basi soma tangazo kwa makini kabla ya kuandika "Sina". Likitaka mwaka mmoja wa ajira, kweli huna, na usijidai unao. Likitaka uzoefu wa kuhudumia wateja, na wewe ndiye uliyesimamia meza ya vinywaji kwenye mahafali ya shule miaka miwili mfululizo, unao. Uandike, pamoja na tarehe zake.