Je, wajua kwa nini vitabu vipya vya bure viliwasaidia watoto wachache tu?

Katikati ya miaka ya 1990 huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, shirika moja la Kiholanzi lilianza kugawa vitabu vya kiada kwenye shule za msingi. Uhitaji ulikuwepo kweli, unakuta kitabu anacho mwalimu peke yake, anakopi ubaoni, watoto nao wanakopi kwenye daftari, kengele inalia kipindi kimeisha. Shule zilizoingia kwenye mpango zilikuwa 100, ila hela isingetosha kuzipa zote kwa mpigo, hivyo mwaka 1996 zikaanza shule 25 na zingine zikasubiri zamu yao. Hapo wachumi wakaona nafasi ya kupima, mmoja wao ni Michael Kremer ambaye baadaye mwaka 2019 alipata Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kazi ilikuwa rahisi kuielewa: linganisha shule zenye vitabu na zisizo navyo, uone watoto wamepanda kiasi gani.

Wastani haukupanda. Waliopanda ni wale waliokuwa tayari wako juu kabla vitabu havijafika, wengine wote kitabu kimekuja, kimekaa mezani, na mtihani wakapata vilevile.

Ivi inakuwaje? Vitabu vilikuwa vizuri tu, vya serikali, lakini vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Busia nyumbani anaongea Kiluhya au Kiteso, Kiswahili ndo lugha ya pili, Kiingereza kinakuja cha tatu. Wengi walikuwa hawawezi hata kukisoma hicho kitabu wakakielewa. Kitabu kilikuwa kinamsubiri mtoto pale ambapo silabasi inasema anatakiwa awe amefika, na mtoto mwenyewe hajafika hapo, yuko nyuma madarasa mawili matatu. Ni sawa na kuwanunulia darasa zima viatu saizi moja, wachache vitawatosha, waliobaki utawaona peku vilevile na viatu wanavyo.

Naandika hili kwa sababu mimi ni mwalimu wa msingi na kila mwaka nasikia watu wawili wakibishana. Mmoja anasema tuwasaidie watoto walio tofauti tofauti, wazito, wepesi, wenye ulemavu, waliochelewa kuanza shule. Mwingine anasema hapana, cha muhimu watoto wajifunze kujisomea wenyewe wasimtegemee mwalimu kwa kila kitu. Wanaongea kama ni mambo mawili, kumbe ni jambo moja, kwa sababu mtoto hawezi kujiongoza kwenye kazi ambayo si ya levo yake. Mpe dogo asiyejua silabi ukurasa wa hadithi umwambie jisomee, atakaa anaangalia picha. Siyo mvivu. Hana pa kuanzia.

Tatizo hili ni kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka 2009 mpango wa Uwezo ulianza Kenya, Tanzania na Uganda, watu wa kujitolea wanaenda nyumba kwa nyumba wanawapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kazi za darasa la pili tu. Kenya miaka ile ya mwanzo ilionekana watoto wa darasa la tatu wanaoweza kazi ya darasa la pili ni kama 3 kati ya 10. Na hawa wako shuleni, wamevaa sare, majina yako kwenye rejista. Mwalimu yeye anakimbizana na silabasi maana mkaguzi akija anauliza umefika mada ya ngapi, haulizi wangapi wameelewa mada ya kwanza, sasa unafundisha nani? Unafundisha wale kumi wa mbele wanaonyoosha mikono. Simlaumu mwalimu hapo, mfumo ndo umemweka hivyo.

India walilipata hili mapema. Shirika la Pratham lililoanzia Mumbai mwaka 1995 liliwahi kufanya kitu cha kawaida sana, kati ya 2001 na 2003 kwenye shule za Mumbai na Vadodara waliwatoa darasani watoto waliobaki nyuma kwa masaa kama mawili kwa siku, wakakaa na dada wa mtaani aliyemaliza sekondari, siyo mwalimu wa cheti, akawarudisha kwenye herufi na namba. Banerjee na Duflo na wenzao walipopima wakakuta matokeo yamepanda, na waliopanda zaidi ni wale wa chini kabisa. Baadaye njia ikakua ikawa hivi: kwa saa moja au mbili kila siku sahau darasa la ngapi, wapange watoto kwa kile wanachoweza sasa hivi, la tatu la nne la tano wanachanganyika, na kila baada ya wiki kadhaa unapima tena na mtoto anahama kundi. Njia hii imeshafika Zambia, Nigeria, Kenya na kwingine Afrika.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mtihani wa kuprinti. Unakaa na mtoto mmoja mmoja pembeni, mbali na wenzake ili asione aibu, una karatasi moja ina herufi, silabi, maneno, aya fupi na hadithi. Unaanza na aya. Akiweza unampa hadithi, akishindwa unashuka kwenye maneno, akishindwa unashuka tena, dakika tano umemaliza na umejua yuko wapi. Nilimpima binti mmoja wa darasa la tatu ambaye daftari lake lilikuwa safi, mwandiko mzuri, ukipita unaweka vema tu. Kwenye neno "mbuzi" akasoma "buzi", "ndizi" akasoma "dizi", "ng'ombe" akaangalia juu kidogo akasema "gari". Nikashuka kwenye ba be bi bo bu, akateremka zote bila kukosea. Yaani silabi nyepesi anazo zote, kinachomkwamisha ni konsonanti zinazobanana, mb, nd, ng', ny, na hakuna aliyejua kwa sababu kukopi ubaoni anajua vizuri. Sasa huyu ukimrudisha kwenye a e i o u unampotezea muda na ukimpa hadithi unamzamisha, anataka kadi za mba mbe mbi mbo mbu wiki moja tu. Wiki moja! Na Kiswahili kinatusaidia sana hapa maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akizishika silabi zote neno lolote analifungua mwenyewe hata hajawahi kuliona.

Wapo wanaosema kupanga watoto kwa levo ni kuwabagua. Ni swali zuri na mimi naliogopa pia, maana nimeona shule zinazoita darasa la "wajinga" kwa mdomo mchana kweupe. Lakini Kenya kuna jaribio lilianza 2005, shule 121, darasa la kwanza likaongezewa mwalimu mmoja na kugawanywa mara mbili, shule nusu waligawanya kwa uwezo na nusu waligawanya kiholela. Waliogawanywa kwa uwezo walifanya vizuri zaidi, na faida ilienda kwa wa juu na wa chini wote, siyo wa juu tu. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu akipata watoto walio karibu karibu anafundisha pale walipo, haanzi kuvutwa na wa mbele. Ila mimi naipenda zaidi ile ya Pratham, saa moja au mbili tu kwa siku na kundi linabadilika, kwa sababu mtoto akijua kundi ni la mwezi huu siyo la maisha hashiki jina vibaya. Makundi yangu nayaita kwa majina ya matunda na nimekataza kabisa mtu kuuliza tunda gani ni kubwa.

Sasa tuje kwenye kujiongoza, na hapa mfano mzuri uko kwetu kabisa, Tanga. Kulikuwa na shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lenye swali moja gumu: je, mtoto asiye na shule karibu anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe kwa kutumia tableti? Kuanzia mwishoni mwa 2017 watoto karibu 3,000 wa miaka 7 mpaka 11 kwenye vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga wakapewa tableti zenye programu za Kiswahili, kijijini kukawekwa sola ya kuchajia, wakaachwa miezi 15. Kabla ya kuanza, watoto 74 kati ya 100 walisemekana hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya 90 kati ya 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wake hilo kundi la wasioweza neno hata moja likapungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wakatangazwa wawili, onebillion ya Uingereza na Kenya, na Kitkit School ya Marekani na Korea Kusini, kila mmoja dola milioni 5, na programu zikaachiwa bure mtu yeyote azitumie.

Watu wengi walichoondoka nacho ni "tableti inafundisha". Mimi naona wameangalia kitu siyo chenyewe. Angalia programu ile inamfanyia nini mtoto: inaanza pale alipo, haimpi hatua ya pili kabla hajaweza ya kwanza, akikosea inamwambia palepale, siyo Ijumaa daftari likirudi, anaweza kurudia mara ishirini na hakuna anayemcheka, na anachagua mwenyewe leo aanze na mchezo gani. Hivyo vitu vyote havihitaji umeme. Halafu tusisahau kuwa karibu nusu ya wale watoto baada ya miezi 15 bado walikuwa hawasomi neno, hao ndo walikuwa wanamhitaji mtu wa kukaa nao.

Kwenye darasa la watoto 80 inakwendaje? Kundi moja liko na mimi kwenye mkeka mbele, makundi mengine yanafanya kazi yenyewe, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa kwa sababu wanawaacha watoto bila utaratibu alafu kelele zikipanda wanasema watoto wetu hawawezi. Wanaweza, ila kujiongoza kunafundishwa kama somo lingine lolote, wiki mbili za kwanza mimi sifundishi kitu kingine. Kadi ziko kwenye boksi la kila kundi, mtoto anachagua kazi moja kati ya tatu, zote tatu za levo yake. Akikwama anauliza wenzake wawili kwanza, ndo anakuja kwangu. Akimaliza anajisahihisha kwa kadi ya majibu na kuweka alama kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, neno gani ameweza leo, lipi bado. Huo ukurasa wa nyuma ndo naupenda kuliko vyote, maana mtoto anaanza kusema "mwalimu mimi bado nya nye nyi", anajua mwenyewe anachokosa, na mtoto akifika hapo nusu ya kazi yako imepungua. Kwenye hesabu ni vijiti, kumi kumi vimefungwa kwa uzi, kutoa kwa kukopa anafungua fungu moja kwa mkono wake anaona kumi zimekuja kwenye mamoja.

Na wale wenye ulemavu usingoje mpaka upate vifaa vya gharama. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali unamuumiza, mweke mbele lakini siyo dirishani, mruhusu avae kofia ndani, mwandikie kadi zake kwa herufi kubwa nyeusi nene, na umruhusu asimame asogee ubaoni muda wowote bila kuomba ruhusa. Hiyo ruhusa ya kusogea bila kuomba ni kujiongoza pia. Asiyesikia vizuri akuone mdomo, usiongee ukiwa umegeukia ubao. Na yule anayegeuza b na d mpaka darasa la nne, mwenye akili nzuri ukimuuliza kwa mdomo, mpe muda zaidi na umsikilize kwa mdomo, usimpige.

Kama wewe ni mzazi na unasoma hapa, leo jioni chukua kitabu chochote cha Kiswahili cha darasa la pili, kaa na mwanao hata kama yuko la tano, mwambie asome aya moja kwa sauti huku TV imezimwa na ndugu zake hawapo. Usimsaidie, usikunje sura, andika tu maneno aliyokwama. Alafu yaangalie hayo maneno yanafanana wapi, utakuta ni mb, au ng', au maneno marefu ya silabi nne tano, na hapo ndo pa kuanzia kesho, dakika kumi kila siku, na yeye mwenyewe achague maneno yapi matano aanze nayo.