Kuifuata methani angani: tuanze na hesabu ya feni

Methani ni gesi inayotoka kwa mifugo, kwenye vinamasi na machimbo, na inaipasha dunia joto. Tani yake moja iliyoko hewani leo imetawanyika katika takriban tani milioni moja za hewa. Ni sawa na kupewa gunia la mchele la kilo 100 ulichambue utoe punje tano, kisha upewe gunia jingine, na jingine. Kila anayekuja na mpango wa kuiondoa methani angani namwomba kwanza anioneshe hewa yote hiyo ataichambuaje.

Mimi ni mkemia wa hewa, na wazo lenyewe silibezi. Methani imekwisha kuongeza joto la dunia kwa karibu nyuzi 0.5 tangu karne ya 19. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 700 hivi katika kila sehemu bilioni za hewa. Sasa imevuka 1,900. Ukihesabu kwa miaka 20, tani yake moja hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko tani ya hewa ukaa. Na ina sifa inayowavutia sana wahandisi: haihitaji kuzikwa. Hewa ukaa ukishaikamata lazima uitafutie mwamba utakaoihifadhi kwa karne na karne. Methani unaiunguza tu, inageuka maji na hewa ukaa kidogo, kazi imekwisha. Mwaka 2019 Rob Jackson wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionesha kwamba kuondoa tani bilioni 3.2 kungeirudisha methani karibu na kiwango cha kabla ya viwanda, na hewa ukaa itakayozaliwa, tani bilioni 8.2, ni kiasi ambacho dunia huitoa kwa miezi michache.

Kwenye karatasi inapendeza. Sasa twende kwenye feni ya kuisukuma hewa hiyo.

Mita moja ya ujazo ya hewa ina miligramu moja na kidogo ya methani. Ukitaka tani nzima, pitisha kama mita za ujazo milioni 800 kwenye chujio lako, tena tujifanye kwamba chujio hilo haliachi hata chembe ipite. Tuseme linaukinza upepo kwa shinikizo la paskali 100 tu, ambazo kwa chujio ni kidogo. Feni isiyopoteza nguvu yoyote ingekula uniti 22,000 za umeme. Feni na mota za kawaida, zinazopoteza nusu, zitakula 44,000. Umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, umetoa kama tani 44 za hewa ukaa kwa ajili ya tani moja ya methani, ambayo kwa hesabu ya miaka 100 ina uzito wa tani zisizofika 30 za hewa ukaa. Umepata hasara. Utaniambia tutumie sola. Sawa, lakini sola hiyo hiyo ingeweza kuzima mtambo wa makaa, na faida yake ingeonekana siku hiyo hiyo bila chujio lolote.

Joto ndilo baya zaidi. Kuipasha hewa yote hiyo nyuzi moja tu kunataka uniti 280,000 hivi. Methani yenyewe ikiungua inarudisha kama 14,000. Kwa hiyo kichocheo chochote, yaani kitu kinachoharakisha methani kuungua bila chenyewe kuisha, kikitaka kupashwa moto hakifai kwa hewa ya wazi. Kifanye kazi kwenye joto lile lile la nje, kwa mwanga wa jua au kwa bakteria, au kikae pembeni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoitupa teknolojia yote kapuni. Pale MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kundi la Desirée Plata limetengeneza kichocheo cha zeolaiti yenye shaba. Zeolaiti ni madini ya bei nafuu, ya jamii ya yale yanayowekwa kwenye mchanga wa choo cha paka. Kichocheo hicho kinataka nyuzi 300 hivi, kwa hiyo kwa hewa ya uwanjani hakina nafasi. Lakini hewa inayovutwa kutoka machimbo ya makaa ya mawe kwa kawaida huwa na methani chini ya asilimia moja. Haiwezi kuwaka, maana methani huanza kushika moto ikifika asilimia 5, ila imekolea kuliko ya angani kwa mamia hadi maelfu ya mara. Kwa hewa ya namna hiyo hesabu ya joto inageuka kabisa. Mazizi ya kufungwa ya Ulaya na Marekani yako katikati, hayafikii machimbo lakini yanazidi hewa ya nje. Ng'ombe wa Mmasai hana dari, kwa hiyo huyu tumwache kwanza.

Kuna njia ya pili: kuachana na mitambo na kuisaidia angahewa ifanye kazi yake yenyewe. Karibu asilimia 90 ya methani huondolewa na kitu kinachoitwa haidroksili, chembe inayozaliwa jua linapopiga ozoni penye mvuke wa maji. Inaishi kama sekunde moja, inadonoa methani, imetoweka. Kwa sababu yake methani hukaa angani miaka kumi hivi badala ya muda mrefu zaidi kwa mbali. Mfumo huu ni mwepesi kuyumba. Mwaka 2020, magari na ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, moshi wa oksidi za naitrojeni ulipungua. Haidroksili, ambayo huutegemea moshi huo, ikapungua nayo. Methani ikapanda kwa kasi ambayo vipimo vya Marekani vilivyoanza mwaka 1983 havikuwa vimeiona. Ardhi oevu zilichangia pia, lakini huenda kama nusu ya ongezeko lile ilikuwa ni msafishaji aliyepunguziwa nguvu. Hewa ya miji ilikuwa safi na methani inaongezeka. Wanafunzi hawapendi kulisikia hilo.

Kwa hiyo wapo wanaopendekeza kumwongezea msaidizi: klorini. Chembe ya klorini huishambulia methani kwa ukali kuliko haidroksili. Chimbuko la wazo limetoka Sahara. Vumbi la jangwa lina chuma. Likifika juu ya Atlantiki likachanganyika na chumvi ya bahari, jua hutoa klorini humo. Mwaka 2023 Maarten van Herpen na wenzake walilitumia jambo hilo kueleza vipimo vya kaboni monoksaidi vya Barbados vilivyokuwa vimewashangaza watu kwa miaka mingi. Basi, wanasema, tupulize chumvi za chuma juu ya bahari kutoka melini, tuongeze kile ambacho Sahara inafanya.

Shida ni kwamba klorini hula ozoni pia, na ozoni ndiyo mama wa haidroksili. Ukiweka klorini kidogo, unapoteza haidroksili nyingi kuliko klorini uliyoipata, na methani inaongezeka badala ya kupungua. Modeli za kompyuta zilizochapishwa mwaka huo huo wa 2023 zimelionesha hilo waziwazi: faida huanza tu ukivuka kiwango kikubwa sana. Maana yake jaribio dogo la tahadhari, lile ambalo kila mtu angelikubali, linaweza kuharibu. Na chuma hakibaki angani, kinaangukia majini na kulisha mwani. Mwaka 2012 watu walimwaga karibu tani 100 za chumvi ya chuma baharini nje ya visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, wakitarajia samaki aina ya samoni waongezeke, na mzozo uliofuata ulikuwa wa dunia nzima.

Mbona basi tusiache? Kwa sababu kuna methani isiyo na bomba la kuziba. Satelaiti zimeonesha kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, kikitoa methani nyingi zaidi baada ya mvua kubwa za 2019, mvua zile zile zilizopandisha maji ya Ziwa Victoria. Dunia ikizidi joto, vinamasi na udongo ulioganda wa kaskazini vitaongeza, na hakuna mkataba unaoweza kukitoza faini kinamasi. Kwa ajili ya siku hiyo utafiti unastahili fedha, na ndiyo sababu Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipendekeza mwaka 2024 utafiti ufanywe kwanza kabla ya kuamua lolote. Ziwa Kivu, ambalo huulizwa kila mara, ni habari nyingine: methani yake imelala chini ya maji ikiwa imekolea, na Rwanda inaitoa na kuzalisha umeme. Haijafika angani.

Wakati huo huo, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 40 ya methani inayovuja kwenye mafuta, gesi na makaa ingeweza kuzuiwa bila gharama halisi, kwa kuwa gesi inayookolewa inauzika. Gesi hiyo bado iko kwenye bomba, haijawa punje tano za gunia.

Wanaoanza kuzungumzia hati za kaboni za methani ya angani, yaani vyeti vinavyouzwa kwa kila tani iliyoondolewa, nawauliza watapimaje. Kwenye zizi au machimbo ni rahisi: unapima hewa inapoingia na inapotoka, tofauti ndiyo mali yako. Juu ya bahari, upungufu unaoutafuta ni mdogo kuliko unavyoyumbishwa na upepo na msimu, na utabaki kuuziwa matokeo ya modeli. Hati ya zizi ningeijadili. Ile ya baharini nisingeinunua.